Usiache mbachao: Igiseke cha bibi na bei ya kutupa

Na Mwalimu Mrejea, Buyenzi

UKIINGIA Buyenzi asubuhi na mapema utapokewa na mambo matatu kwa pamoja: harufu ya chai ya tangawizi na maandazi, kelele za mafundi wanaogonga mabati na bodi za magari, na lugha ya Kiswahili. Mtaa huu wa Bujumbura, ambao barabara zake huitwa kwa namba, ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji. Hadi leo mtu akitoka Kigoma, Uvira au Kalemie akifika hapa hahitaji mkalimani wa kumwonyesha njia. Ndiyo maana wengi wetu tuliorejea kutoka Tanzania, abahungutse kama tunavyoitwa kwa Kirundi, tulianzia maisha hapa.

Soko la Ruvumera liko hapa hapa Buyenzi, na lilizidi kufurika watu baada ya Soko Kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Humo utapata vitenge, mitumba, sufuria, beseni za plastiki na vikapu. Lakini ukikaa sana utamwona pia mtu ambaye hana meza wala bidhaa. Kazi yake ni kununua. Anapita akiwauliza akina mama, kwa upole kabisa, kama nyumbani kuna "vitu vya zamani": kinu, kibuyu, ungo uliochakaa, na hasa igiseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kilichochongoka.

Makala haya ni kwa ajili ya yule mama anayeulizwa. Ni kwa ajili pia ya mfanyabiashara wa mpakani anayenunua bila kujua anachonunua. Nayaandika kwa sababu mimi niliulizwa, nikajibu haraka, na hadi leo najutia jibu lile.

Kilichouzwa kwa faranga 8,000

Bibi yangu, mama yake mama, alitoka vilima vya Rumonge mwaka 1972. Walivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi. Alikuwa na mtoto mgongoni, na kichwani alikuwa na igiseke chenye mbegu za maharage. Kikapu kile hakukisuka yeye. Kilisukwa na mama yake, akapewa siku alipoolewa.

Baada ya miaka kadhaa katika vijiji vya Kigoma walihamishiwa Mishamo, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1978 katika wilaya ya Mpanda wakati ule. Mimi nilizaliwa huko mwaka 1980. Nikasoma shule ya msingi huko, nikajifunza historia ya Kinjekitile na Mkwawa kabla sijajua jina la mfalme hata mmoja wa Burundi. Mbegu za maharage ziliota, zikaliwa, zikapandwa tena mara nyingi. Igiseke kikabaki juu ya kichanja cha jikoni, kikipata moshi kila siku, hadi kikawa na rangi ya asali iliyokolea.

Tuliporejea mwaka 2009, pamoja na maelfu ya wakimbizi wa 1972 waliochagua kurudi, bibi alikuwa amekwishazikwa Mishamo. Mama alikibeba kikapu kile mapajani njia nzima. Safari hii ndani yake hamkuwa na maharage. Mlikuwa na vyeti vyangu vya shule, vimefungwa kwa nailoni mara tatu.

Vyeti vile havikunisaidia haraka. Vilikuwa vya Kiswahili na Kiingereza katika nchi ambayo ofisi zake zilikuwa zinasoma Kifaransa. Nikawa nangoja vilinganishwe na vya hapa, huku nikilipa chumba cha kupanga Buyenzi na watoto wakihitaji madaftari. Ndipo akaja mtu, ameletwa na jirani. Akakitazama kile kikapu, akakigeuza chini juu, akaingiza kidole ndani.

"Mwalimu, hiki kimekwisha. Kina moshi, na ukingo umekatika. Lakini kwa kuwa wewe ni ndugu yangu, nitakupa elfu tano."

Tukapatana faranga 8,000. Kwa wakati ule zilikuwa karibu dola sita na nusu. Nilijiona mjanja kwa kupandisha bei. Mama aliporudi kutoka sokoni hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kifuniko nacho?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani.

Swali lile sikulielewa. Nimelielewa baada ya miaka.

Igiseke ni nini hasa

Wapo vijana wa Buyenzi wanaodhani igiseke ni pambo la harusi na la kuwauzia Wazungu. Igiseke ni chombo. Humo ndimo mlimowekwa unga wa mtama, maharage na mbegu za msimu ujao. Jirani akijifungua, wanawake huenda kumhemba, yaani kumpelekea chakula na kumpongeza, na chakula hicho hubebwa kichwani ndani ya igiseke. Kwenye harusi hali ni hiyo hiyo. Kifuniko kina kazi yake ya heshima: wapita njia hawapaswi kujua umebeba kingi au kichache. Sisi wa Kiswahili tunayo kawa, kile kifuniko cha ukindu kinachofunika sinia la chakula. Maana yake inakaribiana: chakula na staha vinakwenda pamoja.

Kina ndugu zake. Kidogo chake huitwa agaseke. Icibo ni kikapu kilicho wazi, kisicho na kifuniko. Urutaro ni ungo wa kupepetea. Ikirago ni mkeka. Kila nyumba ya zamani ilikuwa navyo, na kila mwanamke alijua kusuka baadhi yake, ingawa si wote waliosuka kwa ustadi sawa. Vile vikapu vyembamba sana, ambavyo mishono yake huwezi kuihesabu bila kukaza macho, vilitoka kwa wanawake waliokuwa na muda mrefu wa kukaa, hasa katika jamaa za watawala.

Namna ya kusuka ni tofauti na ile ya pwani. Kule pwani fundi husuka ukili mrefu wa ukindu kwanza, kisha akaushona kwa shazia kupata mkeka au kikapu. Huku kwetu kazi huanzia katikati ya kitako. Unachukua kifungu kidogo cha nyasi, kwa igiseke kizuri ni ishinge, nyasi nyembamba ya mlimani. Unakikunja kama pete, unakizungushia uzi mwembamba wa mmea, mara nyingi uliochanwa kutoka kwenye mafunjo au mgomba. Halafu kwa uruhindu, chuma chembamba chenye ncha, unatoboa mzunguko uliotangulia, unapitisha uzi, unavuta, unakaza. Ukimaliza mzunguko mmoja unaanza mwingine juu yake. Kikapu kinakua kama konokono. Kidogo tu, kikiwa kizuri, kinaweza kula wiki nyingi za mtu ambaye pia analima, anapika na kulea.

Na ile michoro myeusi, pembe tatu na mistari ya kwenda na kurudi kama njia ya mlimani, haichorwi kwanza. Inatokana na hesabu. Msusi anajua kichwani mwake: mishono kadhaa ya rangi ya nyasi, kadhaa myeusi, mzunguko unaofuata ongeza mmoja, unaofuata tena ongeza mmoja. Akikosea mmoja tu chini, kule juu mchoro hautakutana. Mimi ni mwalimu, na naweza kusema bila haya kwamba bibi zetu ambao hawakuingia darasani walikuwa wanabeba kichwani hesabu ambazo wanafunzi wangu wanahitaji karatasi.

Hesabu hizo hazikuandikwa popote. Ziliandikwa ndani ya kikapu chenyewe. Sasa ndipo nilipoelewa swali la mama. Kitako na mwili wa kikapu alivikumbuka. Kifuniko, ambacho michoro yake inabana kadiri kinavyochongoka, hakukikumbuka. Alikuwa anakitegemea kikapu kimkumbushe, na mimi nilikuwa nimekiuza.

Uhamishoni bila ishinge

Tusiwalaumu mama zetu kwa kutotufundisha. Kusuka kunahitaji vitu vitatu: nyasi sahihi, muda, na mtu wa kumpelekea zawadi. Uhamishoni vyote vitatu vilipungua.

Mishamo ilikuwa pori la miombo. Bibi alihangaika kutafuta nyasi inayofanana na ishinge. Aliyoipata ilikuwa nene na ilivunjika. Akaanza kufumua magunia ya chakula cha msaada, akatumia nyuzi zake za plastiki nyeupe na za buluu. Vikapu hivyo vilikuwa imara, tulivipeleka shambani na mtoni. Hata shuleni, katika kipindi cha kazi za mikono, mwalimu alipotuagiza kila mmoja alete kikapu au ufagio, mimi nilileta kikapu cha nyuzi za gunia. Nilipata alama nzuri. Lakini bibi hakuwahi kuviita ibiseke. Aliviita "makapu" tu.

Weusi wa kweli, alikuwa akisema, hutoka kwenye utomvu wa ua la mgomba uliochemshwa. Hauchujuki, unafifia polepole kama nywele za mzee. Rangi za unga za dukani, ambazo zilienea huku kwetu tangu wakati wa ukoloni, zinang'aa sana siku ya kwanza, kisha jua linazila.

Waliokimbia mwaka 1993, na wale wa 2015 waliopelekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, watasimulia yanayofanana na haya. Kambini huruhusiwi kwenda mbali kukata nyasi. Chombo cha plastiki kinagawiwa. Mtoto anakua akijua ndoo. Vizazi viwili vikipita hivyo, mkono unasahau.

Vilivyobaki viko wapi

Mwaka mmoja nilipata nafasi ya kuwapeleka wanafunzi Gitega, kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Siku hizi Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa, lakini kwetu walimu ilikuwa safari ya kuona vitu vya kale: ngoma, mikuki, vyombo vya maziwa. Nikafika mbele ya ibiseke. Nikasimama. Kimoja kilikuwa na mistari ya kwenda na kurudi, miembamba, na ukingo uliopigwa mshono wa kukingama kama cha nyumbani kwetu. Wanafunzi wakaniita mara mbili nisisikie.

Anayekaa Bujumbura hana haja ya kwenda mbali sana. Musée Vivant, iliyofunguliwa mwaka 1977, inajulikana zaidi kwa mamba na nyoka wake, lakini ina pia kazi za mikono za Burundi. Vingine vingi viko Ulaya. Mjerumani Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita Burundi mwaka 1911 na akatoa kitabu kizima juu ya Warundi mwaka 1916. Wabelgiji walioitawala nchi hii hadi 1962 nao walichukua vitu vingi, na makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels yana hazina kubwa ya vitu vya eneo hili.

Ndugu yetu mmoja anayeishi Ubelgiji aliwahi kunitumia picha ya igiseke cha kale kilichokuwa dirishani mwa duka la vitu vya Afrika. Hakikuwa chetu, nilikichunguza sana. Lakini kilikuwa na moshi, na ukingo wake ulikuwa umekatika. Bei iliyoandikwa pale ingetosha kununua mabati ya nyumba nzima. Nikakumbuka maneno: "Mwalimu, hiki kimekwisha."

Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza la biashara hii. Moshi ambao mnunuzi anauita uchafu akiwa Buyenzi, akifika Ulaya anauita umri.

Somo kutoka Alaska

Katika kuandaa somo la kazi za mikono nilisoma juu ya watu wanaoitwa Tlingit, wenyeji wa kusini mashariki mwa Alaska, Marekani. Nchi yao ni ya mvua na baridi, haina ishinge wala mafunjo. Wanawake wao walichimba mizizi ya mti unaoitwa spruce, wa jamii ya misonobari, wakaibanika motoni, wakaimenya, wakaipasua nyembamba kama uzi, wakasuka vikapu vilivyobana kiasi cha kuteka maji. Vingine vilikuwa na kifuniko chenye kirungu, na ndani ya kirungu waliweka vijiwe au risasi ndogo, ukikitikisa kinalia kama kayamba.

Kuanzia miaka ya 1880 meli za watalii zilianza kufika huko, na vikapu vikanunuliwa kwa wingi. Mwaka 1903 afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, George Emmons, alichapisha kitabu kizima juu ya usukaji wa Tlingit. Vikapu bora vikaenda kwenye makumbusho na nyumba za matajiri. Wasusi wakapungua sana.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwanamke mmoja wa Tlingit, Teri Rofkar, aliyezaliwa 1956 na kufariki 2016, alianza kwa kufundishwa na bibi yake, kisha akachunguza vikapu vya kale vilivyohifadhiwa makumbusho na kujifunza kutoka kwenye mishono yake. Mwaka 2009, mwaka ule ule niliouza igiseke chetu, serikali ya Marekani ilimpa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa. Kikapu cha kale kilikuwa kimegeuka mwalimu.

Hiyo ndiyo hoja yangu, msomaji. Kikapu kipya ni bidhaa, kiuze, tena kiuze vingi. Kikapu cha kale ni mwalimu. Ukimuuza mwalimu kabla hajamaliza kufundisha, pesa utakayoipata itakuwa ndogo hata kama ni nyingi.

Jirani zetu wa Rwanda wamelielewa hilo upande wa biashara. Nembo yao ya taifa ya mwaka 2001 ina kikapu ndani yake. Mwaka 2005 maduka ya Macy's ya Marekani yalianza kuuza vikapu vya wanawake wa Rwanda kupitia kampuni ya Gahaya Links, iliyoanzishwa na dada wawili, Joy Ndungutse na Janet Nkubana. Waliuza kazi mpya, iliyosukwa kwa mikono iliyokuwa bado inajua. Sisi Burundi tumeona ngoma yetu ikiandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ngoma hupigwa hadharani ikasikika. Igiseke hukaa kimya juu ya kichanja.

Kwa wanaovuka mpaka

Sasa niseme na ndugu zangu wafanyabiashara wa Kobero, Mugina na Gatumba, maana najua mtu mwenye mtaji mdogo hashibi hoja.

Kwanza, jifunze kutambua. Igiseke cha zamani cha kweli kina mishono myembamba iliyobana. Weka ncha ya kidole juu yake, uhesabu ni mishono mingapi inafunikwa. Rangi yake imekolea zaidi nje kuliko ndani, na chini ya kifuniko utaona rangi ya asili ambayo moshi haukufika. Ukingo na kitako vimelika pale mikono na sakafu vilipogusa, si kila mahali sawasawa. Kifuniko kinakaa vizuri upande mmoja tu, kwa sababu kilisukwa kwa kikapu hicho. Ukikuta kikapu kimepakwa moshi ndani na nje kwa usawa, nyasi zake ni nene, na uzi wake ni wa katani au nailoni, jua kwamba kimezeeshwa wiki iliyopita. Ujanja huo uko, na ukivuka nacho ukamuuzia mteja, jina litakaloharibika ni lako.

Pili, usikioshe. Wapo wanaosugua kikapu cha kale kwa sabuni ili king'ae, au kukipaka vanishi. Wameua thamani yake kwa mkono wao. Kipanguse vumbi kwa brashi laini, kiweke mbali na jua na unyevu, na ukiona unga mwembamba wa wadudu, kitenge na vingine.

Tatu, fuata sheria. Burundi ina sheria ya mwaka 1983 inayolinda urithi wa utamaduni wa taifa, kwa hiyo kabla ya kuvusha kitu cha kale uliza kwanza wanaohusika. Kwa vikapu vipya njia ni nyepesi zaidi. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sasa tumo katika utaratibu wa forodha wa pamoja. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, inaweza kuombewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani, bila wakala. Wengi bado wanapita njia za panya kwa mzigo ambao ungepita barabarani.

Nne, soko lipo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017, Tanzania tangu Juni 2019, na Burundi ilitoa amri yake mwaka 2018. Mtu anayekwenda sokoni anahitaji kitu cha kubebea. Icibo imara au kapu lenye mikono linauzika Kigoma, Kasulu hata Mwanza. Kwa Waha, ambao lugha yao inafanana sana na Kirundi, huna hata haja ya kueleza linatumikaje.

Daftari la miraba

Mwaka jana alinijia dada mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu. Alirejea kutoka kambi ya Nduta, na sasa anafanya biashara ya ndagala na vitenge kati ya hapa na Kigoma. Mtaji wake ulikuwa umekatika. Alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa kwa kanga. Kabla hajafungua nilikwishajua ni nini.

Kilikuwa igiseke cha mama mkwe wake. Mnunuzi alikuwa amemwahidi faranga 30,000, na angerudi kesho yake asubuhi. Dada yule hakuja kuomba ushauri. Alikuja kuniomba nimwandikie risiti.

Sikumkataza. Mtu ambaye watoto wake hawajala humwambii habari za urithi, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho mwenye haki ya kumhubiria. Nilimwomba jioni moja tu. Nikamwita mama yangu, ambaye sasa anatembelea mkongojo. Tukachukua daftari la hesabu lenye miraba, la wanafunzi. Mama akawa anahesabu kwa kidole, mimi nachora: mraba mmoja, mshono mmoja. Mwanangu akashika tochi ya simu na kupiga picha kila upande. Kifuniko kilituchukua muda kuliko mwili wote, kwa sababu kadiri unavyopanda mishono inapunguzwa, na haipunguzwi kwa usawa. Mama alipofika karibu na kilele akacheka peke yake. "Kumbe wanaruka mmoja," akasema. Alikuwa ameitafuta hesabu hiyo tangu mwaka 2009. Alikuwa amejaribu kusuka kifuniko mara tatu, na mara zote tatu kikapinda.

Tulipomaliza nikamwambia dada yule jambo moja zaidi: asimuuzie mtu wa kwanza. Akangoja siku nne, akakionyesha kwa watu watatu, kila mmoja akijua kwamba yupo mwingine. Mwisho alikiuza faranga 180,000. Alikiuza, ndiyo. Mtaji wake umesimama, na ndagala zake nazinunua mimi mwenyewe.

Lakini daftari limebaki. Sasa Jumamosi, yeye na mama yangu na wasichana wawili wa jirani wanakaa uani na uruhindu. Ishinge inaletwa na mtu anayeshuka kutoka milimani. Igiseke cha kwanza kilitoka kimeinama kama mtu mwenye jino bovu. Cha pili kimesimama. Cha tatu bado kinasukwa, na kifuniko chake kimefika pale pa kuruka mmoja.

Cha bibi yangu sitakipata tena. Mchoro wake haukuwa sawa na huu, na mama anasema hivyo wazi wazi, hataki tudanganyane. Yapo mambo ambayo yaliondoka Buyenzi kwa faranga 8,000 na hayatarudi.

Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na huenda ndio msemo pekee ambao msusi na mteja wake wanauelewa kwa namna moja. Ndugu msomaji uliyerejea, kama juu ya kichanja chako kuna kikapu chenye moshi, kishushe leo. Muulize mzee aliyebaki nyumbani kilisukwa na nani. Chukua daftari la mtoto, hesabu mishono, piga picha, andika jina la aliyekisuka na kilima alichotoka. Halafu yule mtu akibisha hodi, kuuza au kutouza utaamua wewe, huku ukijua unachoamua.